Vifaranga Mia Tano Kwenda Entebbe

Sijawahi kupanda ndege, na kwa umri huu sidhani nitapanda. Lakini safari ya ndege kutoka Nairobi mpaka Entebbe naijua kuliko wengi waliokalia viti vyake. Mtu akianza kunieleza habari zake namwacha aseme weee mpaka achoke, halafu ndipo namsahihisha. Wajukuu wangu husema nina kiburi. Ninacho! Nilikipata miaka ya hamsini, kule Spring Valley, kwenye banda la vifaranga, na aliyetaka kunivua hicho kiburi alikuwa karani mmoja aliyevaa tai hata akienda kuhesabu mayai.

Mume wangu alikuwa mpishi wa memsab mmoja mjane. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya jiko lake, na mle ndani tulikuwa na kitanda, sanduku la bati, na meza ambayo mume wangu aliigongelea misumari mwenyewe ikawa inayumba mpaka tulipoiacha. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mwafrika asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa Nairobi, kwa hivyo siku uliyoachishwa ndiyo siku uliyofunga godoro lako kwa kamba ukaenda kutafuta treni ya Kisumu. Kazi ya mume wangu ndiyo iliyotuweka mjini. Yangu ilikuja baadaye, memsab alipofiwa na bwana yake akaachiwa mashine tatu za kuangulia mayai.

Mashine zenyewe zilikuwa makabati makubwa ya mbao yaliyopashwa moto kwa taa za mafuta. Yai hukaa mle siku ishirini na moja, na asubuhi, mchana na jioni sharti uligeuze kama kuku anavyoligeuza kwa mdomo wake. Upande mmoja wa kila yai nilitia msalaba kwa penseli, ili nijue lipi nimeligeuza na lipi bado. Memsab alikuwa amejaribu wanaume wawili kabla yangu. Mmoja alivunja mayai, wa pili alisinzia taa ikazimika. Mume wangu ndiye aliyesema, "Memsab, bibi yangu ana mikono ya pole." Mikono, sawa. Mdomo hakuutaja.

Majirani walitucheka, hasa mtunza bustani wa nyumba ya pili. "Haki, Mluhya amepewa kazi ya kulea kuku! Mwaka ukiisha hapo hakutabaki hata unyoya!" Waluhya tunajulikana kwa kupenda nyama ya kuku, sikatai, lakini nilimwambia aje ahesabu mwenyewe wakati wowote apendao. Kwa kweli katika miaka yote ile sikula hata mmoja wa banda lile, na wale tuliowala Krismasi tuliwanunua sokoni.

Karani alikuwa mtu wa kwetu pia, kutoka mlima wa pili tu. Alibatizwa pamoja na mume wangu, kwa hivyo aliniita shemeji. Alikuwa amesoma shule ya misheni, anaandika Kiingereza chenye mikia, na yeye ndiye aliyeshika kitabu kikubwa cha banda: mayai yaliyoingia, vifaranga waliotoka, waliouzwa, waliokufa. Mimi nilisoma Biblia na nyimbo, basi. Lakini tarakimu nilizijua vizuri sana, na hilo karani hakulijua.

Desturi ya banda ilikuwa moja. Mayai yaliingia mashine Jumatatu, kwa hivyo yalianguliwa Jumatatu, na Jumanne wateja walikuja na magari yao kutoka Limuru, kutoka Loresho, na wenye maduka ya Westlands, wakachukua vifaranga wao. Tuliwauza bila kuwalisha wala kuwanywesha. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na kile kiini cha njano tumboni mwake. Hicho ndicho chakula chake cha njiani, nacho humtosha siku tatu hivi. Ikizidi hapo, kama hajala, ndio basi tena.

Sasa ikaja barua kutoka Kampala. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi alikuwa anaanza shamba la kuku na alitaka vifaranga mia tano waletwe kwa ndege. Wakifika wazima, ataagiza kila mwezi. Memsab aliisoma barua ile mara tatu akiwa amesimama. Wateja wa karibu walikuwa wanapungua, na sote tulijua kwamba mtu huyu wa Kampala ndiye atakayelifanya banda liendelee au lifungwe.

Karani akachukua rula akaiweka juu ya ramani ya ukutani. "Maili mia tatu na ishirini, memsab. Ndege inachukua saa mbili. Saa mbili tu!" Wiki nzima hatukusikia jingine. Saa mbili ni nini? Hata ibada ya kwetu ni ndefu kuliko hiyo! Akachagua mwenyewe ndege ya Alhamisi, ile inayotua Kisumu kwanza kisha Entebbe. Hapo simlaumu peke yake. Ni nani mtu wa kwetu aliyewahi kufikiria kwenda Uganda bila kupita Kisumu? Hata mimi niliona ndiyo njia.

Halafu mtunza bustani yule yule, aliyekuwa askari wakati wa vita, akatuambia kwamba huko juu kuna baridi ya kugandisha ulimi. Lo! Tukaingiwa na hofu. Blanketi mbili kuukuu za memsab zikakatwa vipande, na kila boksi likavikwa lake likashonwa vizuri pembeni. Aliyeshona ni mimi. Nasema mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu. Nilishona kwa mapenzi, nikaimba na wimbo.

Alhamisi karani akayapeleka maboksi uwanjani. Jibu lilikuja kwa simu ya maandishi, na barua ikafuata. Zaidi ya nusu walikuwa wamekufa ndani ya maboksi, na waliobaki walikuwa wanalala ubavu. Mteja alisema atatoa nafasi moja tu ya mwisho, mwezi ujao, kwa kuwa alikuwa ameshajenga mabanda. Ikiwa hivyo tena, atatafuta kwingine.

Memsab alikuja bandani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia kama mtu wa kawaida. "Kama nakufa tena," alisema kwa Kiswahili chake, "mimi nafunga. Nauza mashine, nauza nyumba, narudi Ulaya." Karani akajikohoza. Akasema, tena kwa Kiswahili makusudi ili nisikie, kwamba ndege ni saa mbili tu na saa mbili haziwezi kuua kifaranga mwenye afya. Kwa hivyo labda hawakuwa na afya. Labda mayai hayakugeuzwa sawasawa.

Ebo! Mimi? Mimi niliyeamka kabla ya jogoo na kurudi mle kila jioni hata nikiwa na homa? Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwambia shemeji yangu maneno ambayo mengine sitayaandika hapa. Halafu nikamgeukia memsab. "Nipe mimi mzigo wa pili. Mayai, maboksi, ndege, kila kitu nipange mimi. Wakifa, usihangaike kunifukuza. Nitafunga godoro langu mwenyewe niende."

Mume wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisubiri mpaka tukafika chumbani. "Umesema godoro lako," aliniambia. "Lile godoro ni letu. Na ukienda wewe, mimi nabaki nikimpikia nani, kama memsab mwenyewe anarudi Ulaya?" Hakuwa amekasirika, na hilo liliniuma zaidi. Kila kitu tulichokuwa nacho mjini nilikuwa nimekiweka juu ya maboksi matano.

Memsab alikubali. Sijui ni kwa kuniamini au ni kwa kuchoka. Nikaomba siku yangu ya mapumziko iwe Alhamisi, na nikaazima saa ya mkono ya mume wangu. Yeye aliachiwa mayai, akayageuza moja moja, akaniambia baadaye kwamba ni afadhali kupikia watu arobaini.

Nilitembea mpaka Westlands, nikapanda basi mpaka mjini, kisha jingine mpaka uwanja wa ndege wa Eastleigh. Nilikuwa na barua ya memsab kwa ajili ya askari, na ilisomwa mara tatu njiani. Uwanjani nikakaa kwenye kivuli cha banda la mizigo, nikaitazama ile ndege ya kupitia Kisumu inavyotayarishwa. Mpakizi mmoja akaja kuniuliza nafanya nini hapo. Alipofungua kinywa nikajua ni mtu wa kwetu, na nikamwambia yote kwa lugha ya nyumbani.

"Ni yale maboksi yenye blanketi?" alisema. "Dada, yalilia hapa mpaka tukashindwa kula."

"Yalikaa wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Ilikuwa sakafu ya saruji mbele ya banda, peupe, jua linawaka. Karani alikuwa ameyaleta saa mbili asubuhi ili asichelewe. Ndege iliondoka saa sita na nusu. Mizigo huingizwa mwisho, baada ya mabegi ya abiria. Kisumu, alisema, ndege hukaa chini jua la utosi, watie mafuta na abiria wanywe chai, mlango wa mizigo umefungwa. Halafu Entebbe. Kutoka hapo bado lori liende Kampala, kwa kuwa uwanja wa Entebbe hauko Kampala, uko mbali kando ya ziwa.

"Na huko juu? Ni baridi ya kuua?"

"Kuna ubaridi kidogo. Kwa mtoto wa kuku aliyeiva kwenye hili jua, huko juu ndiko kwenye raha."

Kisha nikaanza kuokota kokoto, nikazipanga kwenye leso yangu, kila saa kokoto moja. Sikuanzia pale uwanjani. Nilianzia kwenye yai. Wale vifaranga walikuwa wametoka Jumatatu asubuhi kama desturi, na wa kwanza wao hata Jumapili jioni. Wakakaa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, ndani ya maboksi, bila tone la maji, wakingoja ndege ya Alhamisi ambayo ni saa mbili tu! Nilipomaliza, kokoto zilikuwa themanini na moja. Za angani, hata kwa kupitia Kisumu, zilikuwa tatu. Niliziweka kando zile tatu nikazitazama, na machozi yakanitoka, ya hasira na ya furaha pamoja. Mikono yangu haikuwa na kosa. Walikuwa wameshamaliza chakula chao cha tumboni kabla hawajaiona ndege, halafu sisi tukawavika blanketi tukawaweka juani.

Mpakizi aliniambia kuna ndege nyingine ambayo haitui Kisumu, lakini siku yake hakuikumbuka. Nikaulize mjini kwenye ofisi ya tiketi. Basi nikarudi mjini jioni ile ile kabla hawajafunga.

Ofisi ilikuwa kwenye barabara kubwa, ina kioo kizima mbele na ndege ndogo ya kuchezea iliyoning'inizwa dirishani. Sakafu yake iling'aa chini ya miguu yangu yenye vumbi. Nyuma ya kaunta alikuwa Mgoa mmoja mwenye miwani, nywele zimelala kwa mafuta. "Mama," alisema kwa upole, "matarishi huingilia mlango wa nyuma."

"Mimi si tarishi. Nataka habari za ndege ya Entebbe."

"Nani anasafiri?"

"Watoto wangu."

"Wangapi?"

"Mia tano."

Akavua miwani. Mzungu mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake aliguna kama aliyepaliwa na chai. Nikamweleza Mgoa jambo lenyewe, na hapo uso wake ukabadilika kabisa. Kumbe mama yake alifuga kuku uani kwao Pangani! Akaniuliza kama ni kweli kwamba kifaranga hula kiini akiwa tumboni, nikamwambia hawi tumboni, kiini ndicho kinachokuwa tumboni mwake, na tukacheka. Alifungua kitabu chake cha saa za ndege akakipitia kwa ncha ya kalamu. Ijumaa, saa moja asubuhi, moja kwa moja mpaka Entebbe. Saa mbili na dakika chache. Na mzigo ukishaandikishwa kwake mapema, si lazima ufike uwanjani kabla ya saa kumi na mbili.

"Maili ni zile zile?" nilimuuliza.

"Zile zile, mama. Hatuwezi kuivuta Entebbe karibu."

"Maili sina ugomvi nazo," nikamwambia. "Niandikie hiyo saa moja ya Ijumaa."

Nilirudi Spring Valley na karatasi yake ndani ya kifua cha gauni. Kesho yake nikamwambia karani kwamba mayai ya Kampala yataingia mashine siku ya Alhamisi, saa nane mchana.

"Mayai huingia Jumatatu," alisema.

"Kwa amri ya nani?"

"Ndivyo kitabu kilivyo, shemeji. Tangu bwana alipokuwa hai."

"Basi kiambie kitabu kiyalalie."

Alikwenda kunishitaki kwa memsab. Memsab akatoka akiwa na kikombe mkononi, akasikiliza hadithi yangu ya kokoto kutoka mwanzo mpaka mwisho, akataka azione. Nilikuwa nazo. Nilizimwaga mezani kwake na nikatenga zile tatu. Alizihesabu kwa kidole. Kisha akamwambia karani, "Alhamisi." Neno moja tu! Nililichukua nikaenda nalo bandani kama zawadi.

Siku ishirini na moja zile nilizeeka. Niliingiza mayai mia nane ili niwe na wa kuchagua. Siku ya kumi nikayapima kwa mwanga wa taa, nikatoa yasiyo na kitu. Mume wangu alikuwa akiniuliza kila siku, "Yako hai?" nami najibu, "Yako hai," naye anasema, "Haya," na kurudi kwenye sufuria zake. Siku moja nilimkuta amelichukua godoro analianika nje. Nikamuuliza kama ameanza kulifunga. "Naua kunguni tu," alisema, lakini kamba ilikuwa karibu, niliiona.

Alhamisi ilipofika, yai la kwanza lilitoboka kabla ya kupambazuka. Sikuwataka hao wa mapema. Wale wote waliotoka kabla ya adhuhuri niliwatenga wauzwe hapa hapa. Waliotoka adhuhuri mpaka jua kuzama niliwatia tone la bluu ya kufulia mgongoni, ili asinichanganyie mtu. Karani alisema nimewaharibu sura. Nikamwambia hawaendi kupiga picha. Niliwapanga mia kwa kila boksi, na nyongeza ya desturi juu yake, bila blanketi, na mashimo niliyatoboa mengi kwa msumari uliopashwa moto. Kati ya boksi na boksi niliweka vijiti ili hewa ipite.

Ijumaa asubuhi memsab aliendesha pikapu yake mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma na maboksi, na karani akakaa mbele na tai yake na karatasi za mzigo. Kwenye kizuizi cha polisi askari akaamuru kila kitu kifunguliwe. Nikafungua boksi la kwanza, na wale watoto wote mia wakapaza sauti usoni mwake kwa mara moja. "Funga, funga!" alisema, akarudi nyuma. Tukapita.

Lakini Eastleigh palikuwa na ukungu. Ndege imekaa pale, haiondoki. Saa moja ikapita, saa mbili ikafika, na hapo ukungu ukainuka na jua likatoka kali kama lililochokozwa. Karani akasema karatasi zimeshapigwa muhuri, kazi yetu imekwisha, turudi. "Rudi wewe," nilimwambia. Maboksi yalikuwa yamewekwa pale pale kwenye saruji. Niliyainua moja moja nikayahamisha mpaka kwenye kivuli cha ukuta, na askari wa uwanja akanipigia kelele, nami nikampigia zake. Nikalegeza vifuniko. Walikuwa wameanza kuachama midomo, ile namna ya kuku aliyezidiwa na joto. Nilifungua leso yangu kiunoni nikaanza kuwapepea. Nilipepea boksi la kwanza mpaka la tano na kurudi la kwanza. Nilikuwa nasali kwa sauti na sikujali ni nani anasikia.

Baadaye nikasikia upepo mwingine ubavuni kwangu. Karani alikuwa amevua koti. Alikuwa amechuchumaa kwenye boksi la tano anapepea kwa kile kitabu chake kikubwa, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai, na hakuniangalia. Tulipepea.

Wakafunga midomo, mmoja baada ya mwingine. Saa mbili na nusu mpakizi wetu akaja mbio. Aliyapanga karibu na mlango, juu ya mabegi yote, na kwa chaki akaandika kila boksi kwamba ni viumbe hai, washushwe kwanza. Mlango ukafungwa. Ndege ikanguruma, ikakimbia, ikaenda. Niliifuata kwa macho mpaka ikawa nukta, na nilijua itapita juu ya kwetu, juu ya nyumba ya mama yangu, kabla mimi sijafika Westlands.

Siku ile sikula. Jumamosi nayo asubuhi sikula. Mume wangu aliunguza ugali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Karibu na saa sita tarishi wa posta akaingia na baiskeli, na memsab akaichukua ile simu ya maandishi kwa vidole viwili tu, kisha akampa karani aisome kwa sauti, kwa kuwa macho yake, alisema, yana vumbi.

Karani akaisoma kwa Kiingereza. Akaisoma tena.

"Anasema nini?" nilimuuliza. "Sema, shemeji, usiniue!"

"Anasema tumekosea hesabu."

"Hesabu gani?"

"Aliagiza mia tano. Anasema amehesabu mara mbili na amepata mia tano na kumi. Anauliza awarudishe kumi?"

Hapo lazima niwaeleze. Katika kazi ile, kila ukituma vifaranga mia, unaongeza wawili juu. Hao ndio wa kufa njiani. Hawaandikwi kwenye bei wala kwenye barua, na kwa kawaida mnunuzi hawaoni, kwa kuwa njia huwa imeshawachukua. Yule bwana wa Kampala alikuwa mgeni katika kuku, na mara ya kwanza hakuwa na sababu ya kuhesabu waliozidi. Sasa alikuwa na vifaranga kumi hai wa ziada na hakujua watokako.

Memsab alielewa kabla yangu. Alianza kucheka, akakaa kwenye ngazi ya veranda, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema asirudishe hata mmoja, na kwamba mwezi ujao na kila mwezi mashine ya Kampala ni yangu, nipange siku nitakayo. Mume wangu alisikia kutoka jikoni. Alitoka na mwiko mkononi akanishika bega, mbele ya memsab, mchana kweupe, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakulifanya siku hizo. Nilipiga kigelegele mpaka mtunza bustani akachungulia juu ya ua.

Karani alikuwa ameshafungua kitabu. Kurasa zake zilikuwa bado zimejikunja kwa jasho la jana. Akaandika tarehe, akaandika mia tano na kumi, na kwenye safu ya waliokufa njiani akachora kistari kidogo, chembamba, akataka kufunga.

"Hapana, shemeji," nilimwambia. "Kistari mimi sikijui. Andika sifuri. Na uinenepeshe."

Akaandika, nami nikamsimamia mpaka wino ukakauka.